Tochi ya Fundi na Mlango Mweusi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, watoto wangu. Wa mbele wakae chini ili wa nyuma nao waone. Leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi. Nina hadithi ya mlango. Si mlango wa nyumba, ni mlango wa gari, mweusi kama usiku usio na mwezi, uliomtoa jasho kijana mmoja pale Tanga. Mkinisikiliza hadi mwisho, mtaondoka na jambo ambalo mnaweza kulijaribu leoleo nyumbani kwenu kwa sufuria na tochi.

Kijana huyo alikuwa na miaka 16. Alikuwa akijifunza ufundi wa rangi za magari katika gereji ya uani, chini ya mwembe. Fundi wake alikuwa mzee wa maneno machache. Kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa kufagia, ya pili kuosha bunduki ya rangi, ya tatu kupiga msasa. Miezi ikapita. Asubuhi moja Fundi akamwita.

"Mlango huu umeshapigwa rangi, na klia imekauka. Chukua msasa wa maji namba 2000, toa vile vinundu. Ukimaliza msasa piga kompaundi, halafu polishi. Ukimaliza niite. Mwenye gari anakuja kesho."

Klia ni tabaka angavu linalofunika rangi, na kompaundi ni dawa ya kusugulia mikwaruzo ya msasa. Kijana akafurahi mno. Ilikuwa mara ya kwanza kukabidhiwa kazi ya kumalizia. Akavuta gari hadi chini ya turubai jeupe lililofungwa kati ya mwembe na ukuta wa chokaa, akakaa pale kutwa nzima akisugua. Mwanga ulikuwa mzuri, umepoa, hauumizi macho. Alasiri akafuta mlango kwa kitambaa safi, akarudi nyuma hatua tatu, akautazama. Akajiona mwenyewe humo ndani, uso, shati na kofia, kana kwamba amesimama mbele ya kioo.

Fundi alikuwa ametoka. Alirudi baada ya Magharibi, giza limeshaingia, na umeme mtaani umekatika.

"Shikamoo, Fundi. Mlango uko tayari."

"Marahaba."

Fundi akatoa tochi ndogo mfukoni. Hakuielekeza mlangoni moja kwa moja kama wafanyavyo watu wengi. Aliiegemeza pembeni kabisa, karibu na ukingo wa mlango, akailaza hadi ikakaribia kugusa bati, kisha akaiwasha.

Mlango ukajaa nyuzi. Nyuzi nyembamba za fedha, mamia kwa mamia, zimepishana kama utando wa buibui uliolowa umande.

"Nani kaukwaruza?" kijana akapiga ukelele. "Fundi, wallahi niliuacha safi! Labda wamepita watoto!"

"Hakuna aliyepita. Hii ni mikwaruzo ya msasa wako. Kompaundi hukuipiga ya kutosha. Ilikuwapo mbele ya macho yako tangu mchana."

"Sasa mbona sikuiona? Mchana kulikuwa na mwanga tele, na sasa ni usiku, tuna kitochi tu!"

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu kijana amesema neno zito bila kujua. Kitendawili!

Tega!

Mwenye jua zima hanioni, mwenye kitochi ananiona.

Ni nani huyo? Ni mkwaruzo. Na ili tukitegue kitendawili chake, inabidi tuanze na mpira.

Ukiudundisha mpira wima sakafuni, unarudi mkononi mwako. Ukiurusha kwa mshazari, unadunda na kwenda mbele, upande wa pili, kwa mshazari uleule. Haukurudii. Nuru nayo inapogonga uso laini hudunda hivyohivyo: kadiri ilivyoinama ikiingia, ndivyo inavyoinama ikitoka. Wanasayansi husema nuru imeakisiwa. Karibu miaka 1000 iliyopita, mwanachuoni aitwaye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, Iraki, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Kitab al-Manazir. Humo alieleza namna nuru inavyodunda kwenye vioo vya namna nyingi, na akaeleza jambo jingine ambalo ndilo nguzo ya hadithi yetu: tunaona kwa sababu nuru inatoka kwenye vitu na kuingia machoni mwetu. Jicho halirushi chochote. Jicho linangoja.

Basi kama nuru iliyogusa mkwaruzo haikufika jichoni, mkwaruzo huo hutauona hata kama pua yako imeugusa.

Sasa tutazame mkwaruzo wenyewe. Unywele wa kichwani kwenu kwa kawaida una unene usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na mkwaruzo wa msasa laini ni mwembamba kuliko huo unywele. Lakini tujifanye tumekuwa wadogo, wadogo kuliko chembe ya vumbi, tukapanda juu ya ule mlango mweusi. Tungejikuta katika uwanda mpana, tambarare, usio na mti wala jiwe. Na pale ulipopita msasa tungeona mtaro mrefu unaokwenda mbali machoni, wenye kingo mbili zilizoinama. Mkwaruzo ni mtaro. Shikeni hilo.

Mchana, chini ya turubai jeupe, nuru ilikuwa inatoka wapi? Kila mahali! Turubai lote liling'aa, ukuta wa chokaa uling'aa, hata mchanga wa uani ulirudisha mwanga. Uwanda ulipokea nuru kutoka juu ukaituma jichoni kwa kijana. Ukingo mmoja wa mtaro ulipokea nuru ya ukutani ukaituma jichoni. Ukingo wa pili ulipokea nuru ya upande mwingine, nao ukaituma jichoni. Kila kitu kilileta salamu zilezile. Na jicho, wanangu, hutambua vitu kwa kutofautiana kwao. Mwaga unga wa sembe juu ya kitambaa cheupe, kisha umwambie mdogo wako ahesabu punje. Hataweza, na si kwa sababu chumba kina giza.

Usiku, tochi ilipolazwa pembeni, nuru ilitoka upande mmoja tu. Iligonga uwanda kwa mshazari mkali, ikateleza na kwenda zake upande wa pili, ikaangukia kwenye shina la mwembe. Kijana na Fundi walikuwa wamesimama mbele ya mlango, kwa hiyo hakuna hata chembe ya nuru hiyo iliyowafikia. Ndiyo maana mlango ulibaki mweusi. Lakini kwenye mtaro mambo yalikuwa mengine. Ukingo ulioinama uliupokea ule mwale, ukauinua na kuurusha nje, hadi machoni mwao. Mahali pote peusi, mtaro peke yake unawaka!

Mafundi wa hadubini na wa viwanda wana jina la mtindo huu. Huuita uwanja mweusi, maana kitu unachokitafuta huwaka katikati ya giza. Ni kama nyota. Hata sasa hivi, saa hizi za mchana, nyota ziko palepale juu yetu. Hazijazimwa. Anga linang'aa kuliko zenyewe, basi. Usiku anga likiwa jeusi, hata nyota dhaifu inaonekana.

Upo pia mtindo wa kinyume chake, uwanja mng'avu. Hapo unajiweka mahali ambapo nuru ya taa inadunda kwenye uso na kukujia moja kwa moja, hadi uso wote ung'ae mweupe. Sasa mkwaruzo unafanya wizi: unachukua nuru iliyokuwa ije kwako na kuitupa kando, kwa hiyo unaonekana kama mstari mweusi. Fundi wa kunyoosha bodi anaupenda mtindo huu. Anatazama taa ndefu ya tyubu ikijionyesha kwenye bati. Bati likiwa limenyooka, tyubu nayo inaonekana imenyooka. Pakiwa na bonde dogo ambalo hata kiganja hakilihisi, tyubu inajipinda kama nyoka.

Haya, turudi uani. Kijana hakubishana tena. Akaiegemeza tochi palepale Fundi alipoiweka, upande wa kushoto wa mlango, akachovya kompaundi, akaanza upya. Safari hii alikuwa akiona anachokifanya. Anasugua, anafuta, anatazama, nyuzi zinapungua. Anasugua, anafuta, anatazama. Ilipofika saa 4 usiku, hakuna hata uzi mmoja uliobaki. Mlango ulikuwa giza tupu.

"Fundi, sasa uko tayari."

Fundi akaja na kanzu yake ya kulalia. Akaichukua tochi kutoka kushoto, akainua mkono, akaiweka juu, karibu na dirisha, ikimulika kuelekea chini.

Nyuzi zikarudi! Si zilezile. Hizi zilikuwa zimelala, zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia.

Kijana akaketi chini, mikono kichwani. Maskini, alikuwa ameondoa nusu tu ya mikwaruzo yake. Nusu nyingine ilijificha, na ilijificha ndani ya mwanga uleule uliomwonyesha ile ya kwanza.

Ili tujue ilijifichaje, turudi kwenye mtaro wetu. Umewahi kuviringisha mpira ndani ya mtaro wa maji barabarani? Ukiuviringisha kufuata urefu wa mtaro, unakwenda, unakwenda, hauna kinachouzuia. Sasa upige mpira huo kukatisha mtaro. Unaingia, unagonga ukingo, unaruka juu. Nuru nayo ni hivyo. Ikija kukatisha mkwaruzo, inagonga ukingo na kurushwa, nawe unaiona. Ikija kwa kufuata urefu wa mkwaruzo, inateleza kando ya kingo na kuendelea mbele, kana kwamba mtaro haupo. Mkwaruzo hutawanya nuru kushoto na kulia kwake. Kuelekea urefu wake, hauitawanyi.

Tochi ilipokuwa kushoto, nuru ilikwenda kulia. Mikwaruzo iliyosimama wima iliikatisha njia, ikawaka. Mikwaruzo iliyolala kuelekea kulia ilikuwa imefuatana na nuru, ikanyamaza. Tochi ilipohamia juu, zamu zikabadilika.

"Taa moja inajua upande mmoja tu," Fundi akasema. "Hamisha taa. Ukimaliza kuhamisha taa, hama wewe."

Sasa ni zamu yenu. Mkifika nyumbani, mwombeni mama kifuniko cha sufuria ya aluminiamu, kile kilichosuguliwa kwa steliwaya miaka nenda rudi. Subirini usiku, au ingieni chumba chenye giza. Washeni tochi moja tu. Kwanza mulikeni kifuniko kutoka juu, karibu na kichwa chenu, mkitazama kutoka palepale. Mtaona mng'ao mkali katikati. Tazameni pembezoni mwa mng'ao huo. Mtaona duara. Duara ndani ya duara, mistari myembamba inauzunguka mng'ao kama mawimbi baada ya jiwe kutumbukia kisimani. Tahadhari moja: msimulike macho ya mtu kwa tochi, na jaribio hili msilifanye kwa jua, maana mng'ao wake huumiza macho.

Mtasema: bila shaka mama alisugua kwa kuzungusha mkono, ndiyo maana kuna maduara. Basi isogezeni tochi. Loo! Maduara yamehama pamoja nayo! Kama yangekuwa yamechorwa kwenye kifuniko, yangebaki mahali pake. Kwa nini yanafuata taa?

Kwa sababu steliwaya imechora mikwaruzo ya kila mwelekeo, mahali pote. Kila sehemu ya kifuniko ina mikwaruzo iliyosimama, iliyolala na ya mshazari. Lakini katika kila sehemu, ni ile tu inayoikatisha njia ya nuru ndiyo inayowaka kukufikia. Juu ya mng'ao inawaka iliyolala. Pembeni inawaka iliyosimama. Kwenye pembe inawaka ya mshazari. Ziunganishe zote, utapata duara. Macho yenu hayajadanganywa. Kila mstari mnaouona ni mkwaruzo wa kweli. Ila mnaona wale tu walioitwa na taa, na wengine wote wako kimya pale pale, wakingoja taa ihame. Tazameni pia boneti ya gari jeusi jioni chini ya taa ya barabarani. Mtaona maduara hayohayo.

Jaribio la pili. Lazeni tochi pembeni ya kifuniko, kisha mkizungushe kifuniko polepole kama usukani, bila kuisogeza tochi. Chagueni mkwaruzo mmoja mrefu, muufuate kwa macho. Utawaka, utafifia, utazimika, utawaka tena. Na mkiona kidoa kinachong'aa muda wote, mkizungusha namna yoyote, mjue huenda si mkwaruzo. Pengine ni chembe ya vumbi. Chembe ya vumbi imevimba pande zote, kwa hiyo popote nuru itokapo itaigonga. Mkwaruzo una mwelekeo. Hivyo kwa kuzungusha tu, bila kugusa, mnaweza kujua lipi ni jeraha na lipi ni la kufuta kwa kitambaa.

Mmeona? Mpaka hapa tumezungumzia mitaro midogo mno. Lakini nuru ya pembeni inafanya kazi pia kwenye vitu vikubwa, na huko ina msaidizi anayeitwa kivuli. Chukueni kokoto yenye kimo cha sentimita 1. Jua likiwa utosini, kama linavyokuwa kwetu adhuhuri nyakati fulani za mwaka, kivuli chake kinajificha chini yake. Jua likiwa nusu ya njia, digrii 45, kivuli kina urefu wa sentimita 1. Likishuka hadi digrii 10, kivuli kinafika karibu sentimita 6. Likishuka hadi digrii 5, kinapita sentimita 11. Kokoto haikukua. Ni jua lililoshuka. Ndiyo maana uwanja wa mpira unaoonekana tambarare mchana, jioni unajaa mashimo na nyayo za kila aliyecheza.

Wafuata nyayo za wanyama porini wanalijua hilo vizuri. Asubuhi na jioni ndizo saa zao. Wanajipanga ili unyayo uwe kati yao na jua, kivuli kidogo cha ukingo wa kwato kiwajie. Fundi wa lipu naye akitaka kujua kama ukuta wake umenyooka, anaweka taa ukutani kabisa, imulike kwa kufuata ukuta. Kila kijivimbe kinatoa kivuli. Mwenye nyumba anayetazama ukuta kwa taa ya katikati ya dari hawezi kuviona.

Na mbingu nazo zina sheria hiyo. Usiku wa mwezi mpevu, mbalamwezi ikiwaka, mnadhani ndio usiku mzuri wa kuutazama mwezi kwa darubini? Sivyo. Wakati huo jua linaumulika mwezi kutoka upande tulipo sisi, na vivuli vyote vimejificha nyuma ya milima yake. Subirini mwezi uwe nusu, kisha mtazame pale nuru inapokutana na giza. Hapo jua linachomoza au linazama juu ya mwezi, na mashimo yake yanajaa vivuli virefu. Mwaka 1609 Galileo Galilei, Mtaliano, alielekeza darubini yake palepale. Aliona vidoa vya nuru vikiwaka ndani ya upande wa giza, akaelewa kwamba ni vilele vya milima vinavyopigwa na jua kabla ya mabonde, kama kilele cha Kilimanjaro kinavyowaka alfajiri wakati Moshi mjini bado kuna kiza. Kutokana na umbali wa vidoa hivyo akakadiria urefu wa milima hiyo, na mwaka 1610 akachapisha habari zake katika kitabu. Watu wengi wakati huo waliamini mwezi ni tufe laini kabisa.

Miaka 359 baada ya kitabu hicho, tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, jua la huko lilikuwa chini, kama digrii 10 juu ya upeo. Wapangaji wa safari waliichagua asubuhi ya mwezi kwa makusudi. Marubani walihitaji kuona mawe na mashimo kabla ya kutua, na jua la utosini lingewafichia kila kitu.

Nina kisa kimoja zaidi kabla hatujarudi kwa kijana wetu. Mwaka 1901, katika bahari ya Ugiriki karibu na kisiwa cha Antikythera, wapiga mbizi walitoa vipande vya shaba nyeusi kutoka kwenye meli iliyozama zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Baadaye ikajulikana kuwa ni mtambo wa magurudumu yenye meno, wa kukokotoa mwendo wa jua na mwezi na kutabiri kupatwa kwa vyote viwili. Juu ya shaba hiyo palikuwa na maandishi, lakini chumvi na kutu vilikuwa vimeyala. Herufi zilikuwa mikwaruzo tu katikati ya mikwaruzo.

Mwaka 2005 wataalamu walikwenda kwenye jumba la makumbusho mjini Athens kuvipiga picha vipande hivyo. Mmoja wao alikuwa Tom Malzbender wa Marekani. Yeye na wenzake waliweka kila kipande chini ya kitu kama kuba la msikiti, limejaa taa ndani yake. Kamera ilikaa juu, haitikisiki. Taa ya kwanza ikawaka, picha ikapigwa. Ikazimika, taa ya pili ikawaka upande mwingine, picha nyingine. Hivyo hivyo kuzunguka kuba lote. Kompyuta ikaziunganisha picha hizo, na baada ya hapo mtafiti aliweza kukaa kwenye kiti chake na kuhamisha nuru juu ya shaba apendavyo, kulia, kushoto, juu, chini. Wenzao nao walitumia eksirei kuona hadi ndani ya vipande. Kwa njia hizo mbili, herufi nyingi ambazo hazikuwa zimesomwa na mtu kwa miaka 2000 zikasomeka.

Kumbe alichokifanya Fundi wa Tanga kwa mkono mmoja, wale walikifanya kwa kuba zima. Na viwandani leo, panapotengenezwa vioo vya simu na vyuma laini, mashine za kukagua hufanya hivyohivyo: taa za pande mbalimbali huwaka kwa zamu, kamera hupiga, kompyuta hulinganisha. Kinachoonekana kwa taa moja na kupotea kwa nyingine, hicho ndicho kinachotiliwa shaka.

Sasa turudi uani, tumalize.

Kijana hakulala usiku ule. Aliufanyia kazi mlango kwa tochi ya kushoto, akahamia kulia, akahamia juu, akahamia chini. Alfajiri jua lilipochomoza upande wa bahari, likaingia uani limelala chini kama tochi kubwa kuliko zote. Akalitumia nalo. Akajikunyata, akainuka, akatazama kutoka kila pembe.

Mwenye gari akafika saa 2 asubuhi. Alikuwa mama mmoja mwenye haraka. Akautazama mlango chini ya turubai jeupe, akatabasamu. "Mmeufanya kioo kabisa! Nipeni funguo."

"Shikamoo, mama," kijana akasema. "Kabla hujaondoka, kuna kitu nataka nikuonyeshe."

Akaiwasha tochi, akailaza chini ya kitasa, ikimulika kuelekea juu. Ukatokea uzi mmoja, mfupi kama kidole.

"Huu ni wangu. Niliukandamiza msasa. Umeingia ndani sana, nikiendelea kuusugua nitaimaliza klia na rangi itabaki wazi. Kuuondoa kabisa, lazima mlango upigwe klia upya, na hiyo ni kazi ya siku mbili."

Mama akainama, akautazama uzi ule. Kijana akaizima tochi, uzi ukapotea. Akaiwasha, ukarudi.

"Nisingeuona maisha yangu yote," mama akasema taratibu. Akafikiri kidogo. "Nitaliacha gari Ijumaa, nikisafiri. Mtaufanya mlango wakati huo."

Fundi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mwembe, kikombe cha kahawa mkononi. Hakusema kitu. Gari lilipotoka getini, akamalizia kahawa yake, akaelekea ndani, akarudi amebeba mlango mwingine, mwekundu, ulionyunyiziwa klia juzi yake. Akauegemeza mbele ya kijana, akaweka kando yake msasa wa maji, kompaundi na polishi.

Kijana akangoja maagizo. Fundi aliweka tochi juu ya vile vitu, akageuka, akaenda zake. Safari hii hakusema, "Ukimaliza niite."

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, nendeni mkatafute kifuniko cha sufuria.